Kifaranga wa Kuchi Aliyeangushwa na Kunguru: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Langoni, Lamu

Kifaranga anayehusika katika kisa hiki alikuwa na umri wa siku mbili na uzito wa gramu 31 nilipokabidhiwa, amefungwa katika kipande cha leso kilicholowa, macho yamefumba, shingo imelegea na miguu yake ni baridi kuliko kiganja changu. Ulikuwa mwezi wa Julai, kusi imeshika kasi, na upepo ulikuwa ukipita katika vichochoro vya Langoni kwa nguvu ya kutosha kuinua buibui za wanawake waliokuwa wakitoka sokoni. Nyumba yenyewe ni ya mawe, ya kale, yenye kiwanda, yaani ule ua wa ndani usioezekwa, na mwenye nyumba, bibi mmoja jirani yangu aliyepita miaka 70, hufuga humo kuku wa kuchi wasiozidi kumi na watano kwa wakati mmoja.

Siku hiyo, yapata saa 10 jioni, koo wake alikuwa ametoka kiotani akiongoza vifaranga 9 walioanguliwa katika mayai 12 baada ya siku 21 za kuatamia. Kunguru mmoja wa shingo ya kijivu, wa jamii ile iliyoletwa Unguja katika miaka ya 1890 na ambayo sasa imeujaza mwambao mzima, alitua ukutani, akashuka, akamnyakua kifaranga mmoja mgongoni na kuruka naye. Koo alimrukia kwa makucha, kunguru akaachia, na kifaranga akaanguka kutoka kimo cha mtu mzima hadi kwenye sakafu ya chokaa, kando ya beseni la kufulia, penye maji ya sabuni yaliyomwagika.

Kati ya kuanguka huko na mimi kufika ilipita takriban saa moja. Katika saa hiyo watu wa nyumbani, kwa huruma na wala si kwa uzembe, walifanya mambo matatu: walimwosha kwa maji ya mtungi, wakampaka mgongo mzima mafuta ya nazi yaliyochanganywa na manjano, kisha wakamtilia maji mdomoni kwa kijiko cha chai, kwa sababu bibi alisema, “Mpeni mai, ana kiu.” Nikiyapima sasa mambo hayo matatu, naona kila moja lilimsogeza kifaranga karibu na kifo kuliko mdomo wa kunguru ulivyomsogeza, na hiyo ndiyo sababu ya kukiandika kisa hiki kwa urefu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini watu wahangaike na kifaranga mmoja ilhali koo amebakiwa na wanane. Kuchi si kuku wa kila nyumba. Ni kuku mrefu mwenye shingo nene, miguu mirefu yenye nguvu na manyoya machache yaliyobana mwilini, naye jogoo wake anajulikana kwa ugomvi. Hutaga mayai machache na huchelewa kukomaa, kwa hiyo anayemfuga huhesabu kila kifaranga. Uzao wa bibi huyu ulianzishwa na marehemu mumewe, na hilo peke yake lilitosha. Nami nilifanya kazi ya mifugo bara kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani, ndiyo maana niliitwa. Punda wa Lamu wana zahanati yao tangu miaka ya 1980, na paka nao hawakosi wa kuwatazama, lakini kuku akiumia saa za magharibi tegemeo lake ni mwenyewe na jirani.

Nilipoifungua leso sikuanza na jeraha. Nilimweka kiganjani nikatazama kifua, kwani ndege hana ule msuli unaotenga kifua na tumbo kama tulio nao sisi. Hupumua kwa kupanua na kurudisha kidari na mbavu, na mtu anayemkaza kifaranga mkononi ili asianguke anaweza kumziba pumzi bila kujua. Mjukuu wa bibi, mtoto wa miaka 8, alikuwa amemkaza hivyo kwa muda mrefu. Pumzi zilikuwapo, za haraka na zenye mkoromo mdogo. Mkoromo huo niliuhusisha na kijiko cha maji, kwa kuwa tundu la pumzi la kuku liko wazi nyuma tu ya ulimi, na maji yanayomiminwa mdomoni mwa kifaranga asiye na nguvu ya kumeza huteremka humo moja kwa moja. Nilimwinamisha kichwa kidogo kwa muda mfupi, tone moja likatoka puani, nikalifuta kwa ncha ya pamba.

Ndipo nikaanza kazi ya joto, na nilikataa kufanya jambo lingine lolote kabla ya hilo kukamilika. Mwili wa kuku mzima huwa na joto la karibu nyuzi 41 za Selsiasi. Kifaranga wa siku mbili hawezi kulitunza joto hilo peke yake, kwa sababu amevaa manyoya laini ya utotoni tu, hivyo hukopa joto la mama yake kila anapoingia chini ya mbawa. Anayelelewa bila mama huhitaji nyuzi 32 hadi 35 katika juma la kwanza, kisha hupunguziwa kiasi cha nyuzi 3 kila juma hadi manyoya ya kweli yaote. Kipimajoto changu kilionyesha nyuzi 25 ndani ya chumba jioni ile. Sisi watu wa Lamu nyuzi 25 ni hali ya kuvaa shati jepesi na kukaa barazani, na nadhani hapo ndipo tunapodanganyika: twaona nchi yetu ni ya joto, basi hatufikirii kwamba kiumbe kinaweza kufa kwa baridi sebuleni mwetu. Kifaranga aliyelowa, penye upepo wa kusi, nyuzi 25 humwua kabla ya alfajiri.

Mafuta ya nazi yalizidisha tatizo. Manyoya laini ya kifaranga yakikauka husimama na kushika hewa kati yake, na hewa hiyo ndiyo blanketi lake. Mafuta huyalaza yakagandamana na ngozi, na blanketi likawa halipo. Kuyaondoa kabisa kunataka maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, jambo ambalo lingemlowesha mara ya pili akiwa katika hali ile, kwa hiyo nilichagua kuyafuta kwa kitambaa kikavu cha pamba kadiri yalivyokubali kutoka na kuuahirisha uoshaji hadi adhuhuri ya siku ya pili, jua likiwa kali.

Kuhusu chanzo cha joto, mashauri yalikuwa mengi. Taa ya chumbani ilikuwa moja ya hizi za kisasa za kuokoa umeme, ambazo sifa yake kubwa ni kutotoa joto. Anayezikumbuka balbu za zamani za wati 60 ajue kwamba hekima ya “mweke karibu na taa” iliondoka pamoja nazo. Jiko la mkaa nililikataa katakata, kwani mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu inayoua watu, seuze ndege. Tulitumia chupa mbili za plastiki za lita moja zilizojazwa maji ya moto ambayo hayajachemka, kila moja ikaviringishwa kwa leso kavu, tukazipanga upande mmoja tu wa chombo ili kifaranga akipata nguvu aweze kuzisogelea au kuzikimbia. Hili la upande mmoja ni muhimu kuliko linavyoonekana: kifaranga aliyezungukwa na joto pande zote hana pa kwenda likizidi, na kifaranga aliyechemka hufa kama aliyepoa.

Juu ya chombo ndipo mimi na bibi tulipotofautiana. Yeye alitaka kikapu cha ukindu chenye kipande cha mkeka, akitundike katika susu mbali na paka, kama mama yake alivyokuwa akifanya. Mimi nilisema kikapu hakioshiki na susu hupigwa na upepo, nikachagua beseni jipya la plastiki, nikalitandika gazeti na kulifunika kwa ungo wenye jiwe juu yake, upande mmoja ukiwa wazi kiasi cha vidole viwili. Bibi hakubishana. Nitalirudia beseni hili hapo mbele, kwa sababu ndilo kosa langu katika kisa hiki.

Baada ya dakika 40 hivi kipimajoto kando ya chupa kilisoma nyuzi 33, miguu ikaanza kuwa ya vuguvugu, na jicho moja likafumbuka. Hapo ndipo nilipokubali apewe maji: kijiko kimoja cha chai cha sukari katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, kwa kulitia tone ubavuni mwa mdomo kwa ncha ya kidole na kumngoja alilambe na kumeza mwenyewe, kisha tone jingine. Matone sita yalichukua robo saa. Maji niliyoomba yalikuwa ya bomba, yatokayo visima vya Shela, na si ya kisima cha nyumba, kwa kuwa visima vingi vya mjini vina chumvi inayosikika ulimini, na figo za kifaranga hazistahimili chumvi kama zetu.

Chakula sikumpa usiku ule, na uamuzi huo ulimhuzunisha mjukuu, aliyekuwa amekwisha kuandaa uji. Muda mfupi kabla ya kuanguliwa kifaranga huvuta kiini cha yai kilichobaki na kukiingiza tumboni mwake, na akiba hiyo humtosha hadi kiasi cha saa 72. Huyu alikuwa na saa 48 au zaidi kidogo tangu atoke yaini. Akiba ilikuwa ikipungua lakini haijaisha, nasi tulikuwa na usiku mmoja wa kucheza nao. Aidha, tumbo la kifaranga aliyepoa halisagi kitu, na uji unaowekwa humo hukaa na kuchacha katika kile kifuko cha shingoni ambako chakula cha kuku hutulia kwanza.

Jeraha lilikuja la tatu. Chini ya bawa la kulia, kuelekea mgongoni, ngozi ilikuwa imechanika urefu wa sentimita moja na nusu, nyama ikionekana lakini haijakatwa. Nilipapasa pembeni ya jeraha kwa kidole nikitafuta hewa iliyonaswa chini ya ngozi, kwani ikiwepo hutoa hisia ya mapovu na ni dalili kwamba mifuko ya pumzi imetobolewa, haikuwapo. Mabawa yote mawili yalirudi mahali pake yalipokunjuliwa, mapaja hayakuwa na uvimbe, na vidole vilishika ncha ya kalamu, japo kwa unyonge. Nililisafisha jeraha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa hadi uvuguvugu, yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita, nikiyasukuma taratibu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, hadi manjano yote na vumbi la chokaa vikatoka. Asali ni dawa nzuri ya kidonda cha aina hii, lakini katika nyumba ya Langoni asali iliyopakwa mgongoni mwa kifaranga ni mwaliko kwa sisimizi, kwa hiyo nilitumia dawa ya zambarau, tone dogo juu ya kijiti cha pamba. Sikushona, ngozi ya kifaranga wa umri huo ni nyembamba kama ganda la kitunguu, nayo hujiunga yenyewe ikiachwa safi.

Kabla sijaondoka mtu mmoja wa nyumba hiyo aliniletea kidonge cha kutuliza maumivu na kapsuli mbili za kiua vijasumu zilizobaki kutoka kwa ugonjwa wa mtu, akauliza kiasi gani apewe. Nilimfanyia hesabu. Mtu mzima wa kilo 60 ana uzito wa karibu mara 1,900 ya kifaranga wa gramu 31. Kwa hiyo kidonge cha miligramu 500 kingepaswa kugawanywa vipande 1,900, na hata hapo tungekuwa tumedhani tu kwamba mwili wa ndege huishughulikia dawa kama mwili wa mtu, dhana ambayo mara nyingi ni ya uongo. Kapsuli zilirudi kabatini. Ningekuwa na msimamo mwingine lau aliyemshika angekuwa paka, jambo la kawaida kabisa katika mji huu wa paka. Meno ya paka hutoboa tundu jembamba lisiloonekana na kupanda ndani yake vijidudu ambavyo vinaweza kumwua ndege kwa siku moja au mbili hata kama kwa nje haonekani na jeraha. Kifaranga aliyeng'atwa na paka anastahili kiua vijasumu kilichopimwa na daktari wa mifugo, na mapema, bila kungoja kuona kama atapona.

Nilijiuliza pia kama palikuwa na ugonjwa uliojificha nyuma ya ajali, kwa sababu kunguru na paka mara nyingi humpata yule aliyekwisha kudhoofika. Kideri kilikuwa cha kwanza kukifikiria, maana shingo ilikuwa imelegea. Lakini shingo ya kideri hujipinda na kujizungusha, kinyesi huwa cha kijani, na kuku wengine wa ua huanza kukoroma na kuanguka. Hapa koo alikuwa mchangamfu, vifaranga 8 walikuwa wakila, na hakuna kuku mpya aliyeletwa ndani kwa miezi miwili. Kuhara damu kwa vifaranga huonekana zaidi kuanzia juma la tatu. Kitovu kilikuwa kimekauka na kufunga vizuri, bila harufu wala wekundu. Nilihitimisha kwamba ni ajali tupu.

Tulikubaliana na bibi kuhusu kikomo, jambo ambalo watu wengi huliacha bila kulisema na hatimaye mnyama huteseka kwa siku nyingi kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kuamua. Tulisema kwamba kama kufikia isha ya siku ya pili hatakuwa ameweza kumeza na kusimama, au akianza kuhema kwa mdomo wazi, tutampumzisha. Bibi aliniambia, “Haya mwanangu, lakini usiku huu ni wangu.” Alibadilisha maji ya chupa kila baada ya saa mbili hadi alfajiri, na kwa maoni yangu kazi hiyo ndiyo iliyomponya.

Asubuhi kifaranga alikuwa amesimama, gramu 29, akilia kwa sauti kubwa. Kilio cha namna hiyo, kikali na cha mfululizo, ni malalamiko ya baridi au upweke. Kifaranga mwenye raha hulia kwa sauti ndogo za kukatikakatika. Adhuhuri, juani, tulimwosha mafuta kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni, tukamkausha kwa kitambaa na joto la chupa, na alasiri yake alikula kwa mara ya kwanza.

Chakula hicho kilikuwa kiini cha yai lililochemshwa, kilichosagwa kwa vidole na kuchanganywa na chakula cha vifaranga kutoka duka la dawa za mifugo. Vifaranga wa mwambao wamelelewa kwa chenga za mchele tangu zamani, na chenga si mbaya kwa aliye nje na mama yake, kwa kuwa huko hujipatia mchwa na wadudu wadogo. Aliyefungiwa ndani akipewa chenga peke yake hukosa kabisa cha kujengea mwili. Nilipendekeza dagaa wabichi waliochemshwa na kupondwa. Bibi alipotaka kutumia ng'onda, yaani samaki aliyekaushwa kwa chumvi, nilimwomba asifanye hivyo, kwa sababu ile ile ya kisima. Chakula cha kuku wanaotaga nacho hakifai, kwani kina chokaa nyingi mno kwa figo changa.

Nafika sasa kwenye beseni. Asubuhi ya siku ya 4 nilimkuta kifaranga amelala kifudifudi, miguu imetanuka kushoto na kulia kama ya chura, akijaribu kujivuta kwa kidari. Jeraha lilikuwa linakauka vizuri. Niliipapasa mifupa nikihofia kwamba anguko lilikuwa limeacha ufa ambao sikuuona, lakini hapakuwa na uvimbe, miguu yote miwili ilikuwa sawa, na vidole vilishika kwa nguvu. Sababu ilikuwa chini yake: gazeti lililolowa juu ya plastiki laini. Kifaranga huimarisha nyonga na maungio yake kwa kukanyaga penye kushika. Akiteleza kila hatua katika siku hizo za mwanzo, miguu hutanuka na kuzoea kukaa hivyo. Miguu mirefu ya kuchi, nadhani, haikumsaidia. Mimi niliyekikataa kikapu na mkeka kwa sababu ya usafi nilikuwa nimemlemaza mgonjwa niliyekuja kumponya, na mkeka chakavu wa bibi, wenye miraba ya ukindu inayoshika kucha, ulikuwa ndio sakafu bora kuliko zote zilizokuwamo nyumbani mle.

Nilimwomba radhi bibi, na siku ile ile kifaranga akahamia kikapuni. Miguu tuliifunga kwa plasta ya dukani iliyokatwa upana wa sentimita moja: ikapita nyuma ya mguu mmoja juu kidogo ya vidole, ikarudi mbele na kujishika yenyewe, kisha ikaenda mguu wa pili, ikiacha kati yao nafasi ya sentimita mbili na nusu, ambayo ni upana wa kusimama kwake wa kawaida. Plasta haikukazwa, kucha ya kidole changu kidogo iliweza kupenya kati yake na ngozi. Kwa saa ya kwanza alianguka mara nyingi na kunyanyuka kwa hasira, basi bakuli la maji tulilibadilisha na kifuniko cha chupa kilichotiwa kokoto, kwa kuwa kifaranga aliyefungwa miguu huweza kuzama katika maji ya kina cha kidole. Plasta ilifunguliwa na kukaguliwa kila siku, na siku ya 7 haikurudishwa. Mifupa ya umri huo hukubali kunyooshwa. Angeachwa majuma mawili, nisingekuwa na la kufanya.

Siku ya 5 kinyesi kiliganda kwenye njia ya haja, jambo la kawaida kwa vifaranga waliopatwa na baridi. Tulikilowesha kwa pamba ya maji ya uvuguvugu hadi kikalainika na kutoka chenyewe. Anayekivuta kikiwa kikavu huchana ngozi. Halikutokea tena.

Upweke ulikuwa na matatizo yake. Kifaranga peke yake hulia hadi akachoka na kusahau kula, kwa hiyo kuanzia siku ya 4 tulimletea nduguye mmoja mtulivu. Ndugu huyo alimfundisha kula kwa mfano wake, na pia, katika nusu saa, alianza kudonoa kidonda, kwani kuku huvutwa na chochote chekundu. Dawa ya zambarau ina faida ya pili hapo, ya kuficha wekundu, nikaipaka kwa upana zaidi. Siku ya 9, kwa kuwa wote wawili walikuwa wakila na mgonjwa alikuwa amepita gramu 40, tuliwarudisha kwa koo baada ya isha, gizani, kwa kuwaingiza chini ya bawa. Kuku haoni vizuri usiku, na koo wengi hukipokea kwa njia hiyo kilichokataliwa mchana. Kulipopambazuka koo alimkubali yule ndugu na kumdonoa mgonjwa mgongoni hadi kidonda kikafunguka upya. Kuku huona rangi vizuri kuliko sisi, nami nilikuwa nimempelekea mtoto wa zambarau.

Tulimtoa, tukampa ndugu yule yule kwa mara ya pili, na kuanzia hapo mchana tukawaweka ndani ya tenga katikati ya kiwanda, koo akiwaona na kuwasikia lakini asiwafikie. Usiku walirudi kikapuni na chupa moja. Siku ya 17, rangi ikiwa imekwisha kufifia na kovu limefunga, tenga liliinuliwa jioni. Koo hakumwita wala hakumpiga. Kifaranga aliwafuata wengine hadi pembeni mwa ukuta na kujipenyeza mwenyewe.

Mjukuu alihitaji maelezo yake. Alikuwa akimbusu kifaranga na kula andazi kwa mkono ule ule, ilhali vifaranga hata wenye afya hubeba vijidudu vya salmonela vinavyomletea mtoto homa na kuhara. Tukaweka sabuni kando ya kikapu, na kikapu kikatoka jikoni kilikokuwa kimewekwa kwa ajili ya joto. Chanjo ya kideri ilitolewa kwa ua mzima katika juma la tatu, tone moja jichoni kwa kila kuku. Chupa moja hutosha kuku mia au zaidi na ikishachanganywa haiwezi kuwekwa hadi kesho, hivyo nyumba nne za mtaa zilichangia na kuchanja siku moja. Itarudiwa baada ya miezi mitatu hadi minne.

Siku ya 42 nilimpima kwa mara ya mwisho: gramu 265, nduguze wakiwa kati ya 280 na 310. Waliobaki ni 6 kati ya 9. Wawili walichukuliwa na kunguru katika juma la pili na mmoja na paka, kabla bibi hajatandaza wavu chakavu wa kuvulia samaki juu ya kiwanda kutoka ukuta hadi ukuta. Mgonjwa hutembea bila kuchechemea, na mahali pa jeraha manyoya hayajaota. Bibi amekwisha kumwita pora. Nimemwomba angoje mwezi mmoja zaidi kabla ya kumwahidi mtu jogoo.